Yowe la Ng'ombe

Mwanangu Joyness, mwangaluka.

Mbuzi wako amezaa dume, masikio kama ya mumeo.

Uliniletea mwanao Mayige, mtumiaji wa unga, ukanionya: "Baba, majirani wasijue." Juzi nilimkuta nyuma ya ghala la pamba, midomo rangi ya majivu, hapumui. Nikapiga mwano, yowe letu la ng'ombe walioibwa. Mtaa mzima ukaja na marungu.

"Mwizi yuko wapi, mzee?"

"Yumo ndani ya damu ya mjukuu wangu!"

Wakatupa marungu, wakapokezana kumpulizia pumzi mdomoni mpaka hospitali.

Bado anatetemeka, na sijui kama ataacha unga. Majirani wanamlinda kwa zamu. Siri yako nimeiua. Njoo na hasira zako. Mwanao yu hai, atazisikia.

Babako mkorofi,
Jilala, Somanda