Mkono wa Bibi Sesilia

Mama, shikamoo.

Baridi ya Ufipa imenipasua midomo, lakini leo sisi wa maabara tumeshinda! Wazee wa hapa Mwimbi walikuwa wamegoma kutoa damu ya utafiti wetu. Nikamweleza Bibi Sesilia, mkulima wa ulezi: seli za moyo na figo zikichakaa kwa uzee, hutoa vifuko vidogo mno kwenye damu. Tunachunguza kama vinaweza kutuonyesha ugonjwa mapema.

“Mume wangu tulijua anaumwa figo alipokwisha kuvimba,” akasema, akipandisha mkono wa sweta. “Haya, chukua.”

Wenzake wote wakajipanga nyuma yake! Kisha akatulisha ugali wa ulezi na maharage hadi nikashindwa kuinuka.

Nimekukumbuka, mama. Meza dawa zako za presha, uishi miaka mingi.

Mwanao, Neema