Mpenda Mvua wa Bweranyange

Mama mdogo, shikamoo. Huku Bweranyange kwa mjomba tunashiba ndizi. Jana mchumba wa Advera, binti yake mjomba, alikuja kujitambulisha, kwapani daftari la maneno adimu ya Kiingereza. Mvua ikaanguka ghafla, sote tukakimbilia kuokoa kahawa iliyoanikwa uani. Msomi wetu akabaki mlangoni, shati jeupe pee, akitufundisha: “Mimi ni pluviophile, yaani mpenda mvua. Pluvia ni mvua kwa Kilatini, na hiyo phile ni ya Wagiriki.”

Advera, kalowa chapachapa na gunia kichwani, akamjibu: “Sisi tunamwita mvivu.” Akavua pete, akamrudishia palepale. Nikapiga makofi, mikono imejaa matope. Mungu akutunze, mama, na mguu upone upesi.