Siku Shule ya Ng'ambo Ilipopata Jina

Kalemie, Jumapili jioni, mwezi wa kumi

Mvua imekataa kunyesha leo. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, joto limebana vifua vya watu, na mimi niko mezani na mikono inayonuka rangi ya mafuta. Nisipoandika sasa, kesho nitaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nataka hilo likae mwanzo kabisa.

Shule yetu iko ng'ambo ya mto Lukuga, ndani ya ghala la zamani la pamba. Miaka yote ilikuwa tawi tu la institi, sekondari kubwa ya mjini, ekstansio kama watu wanavyosema. Chaki ilitoka kule, mitihani ilitoka kule, hata kukaripiwa tulikaripiwa kutoka kule. Shule haikuwa na jina. Watu walisema "kule ng'ambo" na wote wakaelewa.

Mtoto akimaliza mwaka wa pili kwetu, ilibidi avuke daraja akatafute nafasi mjini, na nafasi hazikuwepo. Wavulana walihangaika hadi wakapata. Wasichana waliishia hapo. Nimefundisha wasichana wenye vichwa vizuri kuliko changu, na mwaka uliofuata nikawakuta sokoni wamekaa nyuma ya beseni la dagaa, wananisalimia macho chini. Hilo limeniuma kwa miaka, na sioni aibu kusema nimelilia.

Basi mwaka huu karatasi imefika kutoka Lubumbashi. Tumekuwa shule ya serikali inayojitegemea, madarasa yote mpaka diploma, na prefe wake mwenyewe, yaani mkuu wa shule. Prefe huyo ni mimi. Limebaki jambo moja: mwinspekta afike aone shule inafanya kazi, ndipo athibitishe. Anakuja kesho. Akikuta madawati matupu, tunarudi kuwa tawi, na wasichana wangu wanarudi kwenye mabeseni.

Na madawati yalikuwa matupu mpaka leo mchana.

Yote yalianza siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, tulipotundika kibao. Wakubwa wa biro ya elimu walituchagulia jina bila kutuuliza: Institi Songa Mbele, neno zuri la mikutano ya Chama. Wanafunzi walikuwa wamefyeka majani na kuosha kuta. Fundi akapigilia kibao juu ya mlango, tukapiga makofi, na makofi yalipokwisha tukasikia mtoto analia ndani ya ghala.

Mtoto mchanga. Kile kilio cha kukata pumzi, halafu kimya kidogo, halafu kinaanza tena.

Tuliingia. Hapakuwa na mtu.

Nilisema ni paka. Paka hakupatikana. Nikasema ni upepo kwenye mabati, fundi akapanda akaziba kila tundu kwa matambara na lami. Nikasema ni popo. Watoto wa zamu ya mchana walinisikiliza kwa adabu, kisha kilio kikaanza katikati ya somo langu la milinganyo, wakatoka mbio wote, wengine bila viatu. Nilibaki peke yangu na chaki mkononi. Niliogopa sana. Nilimaliza kuandika mlinganyo ubaoni, kwa ukaidi tu, ndipo nikatoka nikitembea polepole ili wasinione nikikimbia.

Baada ya hapo wazazi wakaanza kuwaondoa watoto. Prefe wa mjini, ambaye hakupenda kutuachia, alituma ujumbe kwamba mtoto anaweza kurudi kwa mama yake wakati wowote. Nilijua ananicheka.

Aliyenifuata nyumbani jana ni Mama Kalwa. Anakaanga samaki mbele ya lango letu na ana mabinti watatu kwenye shule yangu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama Prefe, hii haiko pepo," alisema. "Hii njo mutoto. Analilia jina."

Hakuhitaji kunieleza, nami ni mtu wa ziwani. Kwetu mtoto mchanga akilia na kukataa ziwa la mama, wanawake hawakimbilii dawa. Wanasema amepewa jina lisilo lake. Wanakaa naye na kumtajia majina ya wakubwa waliokufa, moja moja, na likifika lile analolitaka, ananyamaza na kunyonya. Mimi mwenyewe nilitajiwa hivyo. Lakini kumfanyia hivyo mtoto wa watu ni jambo moja, na kulifanyia ghala la pamba ni jambo lingine, nami nikamwambia.

"Nani alizaa hii shule?" akaniuliza. "Si weye?"

Sikuwa na njia nyingine, na mwinspekta alikuwa njiani. Nikakubali, huku nikijiambia kwamba nakubali ili wazazi watulie.

Leo baada ya misa wakaja. Wazazi walisimama mbele ya mlango, watoto wakabaki barabarani, hakuna aliyetaka kusogea. Kilio kilikuwa kimeshaanza. Ziwa lilikuwa limelala kabisa, hata jani halikutikisika, kwa hiyo habari yangu ya upepo ilikufa hapo.

Mama Kalwa alianza na wa kwao. Alitaja kwa sauti ya kawaida, kama anayeita watu waje kula. Wengine wakafuata. Walitajwa wavuvi ambao ziwa halikuwarudisha, na wanaume waliobeba marobota ya pamba kwenye ghala hilohilo mpaka vifua vikaharibika, na bibi mmoja aliyekuwa na shamba la muhogo pale kabla ya ukuta wa kwanza. Kila jina lilipotajwa tulinyamaza kusikiliza, na kila mara kilio kiliendelea. Papa Mulongo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mfanyabiashara wa boti aliyehamia hapa kutoka kaskazini ya ziwa, akataja wa kwao Wabembe. Kiliendelea.

"Leta wako, Mama Prefe," Mama Kalwa akasema.

Nilimtaja baba yangu. Nilimtaja na bibi. Kilio kilizidi, sasa kilikuwa cha mtoto anayechoka.

Hapo hasira ikanipanda. Niliona wasichana kule barabarani wameshikana mikono, nikawaza kesho, nikawaza mabeseni. Nikasukuma mlango nikaingia mwenyewe. Nilitaka nisimame katikati ya kilio hicho nione kinatoka wapi. Niliinua kichwa. Bati moja ambalo fundi alilegeza alipoziba matundu lilikuwa linateleza juu yangu, nami sikuliona kwa sababu ya giza la mle ndani.

Papa Mulongo aliliona kutoka mlangoni. Mtu huyu hajawahi kunitaja kwa jina. Mimi kwake ni Mama Prefe, hata tukigombana. Lakini kwa hofu alipiga kelele:

"Mwange! Toka humo!"

Niliruka. Bati likaanguka pale nilipokuwa nimesimama.

Na kilio kilikuwa kimekatika. Hakikufifia. Kilikatika katikati, kama mtoto anapopata ziwa la mama.

Nilitoka nje nikawakuta wote wananitazama, na Papa Mulongo amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mimi niko muzima," nikasema. "Munaita wenye walishakufa. Mimi niko muzima."

Mama Kalwa alikuwa anatazama chini. "Najua, mama. Mie sikutaka vile. Lakini umesikia."

Tungeweza kubishana mpaka usiku. Ningeweza kukataa, nina haki hiyo, ni jina langu. Lakini wakati tumesimama pale watoto walianza kupita katikati yetu. Hakuna aliyewaita. Walipita kimya, wakaingia ghalani darasa kwa darasa, na tukasikia madawati yakivutwa. Nilipochungulia walikuwa wamekaa wote wima, mikono juu ya meza, wakiangalia mbele. Hata wale wakorofi wa mwaka wa pili. Mabinti watatu wa Mama Kalwa walikuwa safu ya mbele. Nikawasalimia, wakasimama wakaitikia kwa sauti moja, kisha wakakaa.

Nimeshawahi kutaka darasa la namna hiyo. Leo nililipata na nywele zikanisimama.

Nikaomba brashi. Fundi alishusha kibao, nami nikakipaka rangi kwa mkono wangu, nikaandika upya: Institi Mwange. Mwinspekta atapenda, wakubwa siku hizi wanapenda majina ya kienyeji. Hatauliza ni la nani. Atakuta madawati yamejaa, atathibitisha, na mwaka ujao kutakuwa na wasichana mwaka wa tatu, na wa nne, na siku moja na wenye diploma. Nilifanya hivyo kwa akili zangu timamu na sijutii. Naandika hilo wazi, asije mtu akasema nililazimishwa.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Kwenye daraja nilijihisi mwepesi, nikadhani ni njaa.

Mume wangu alikuwa uani. Anasema aliniita nikipita langoni, akaniita tena nikiosha mikono, akaniita mara ya tatu akiwa amesimama nyuma yangu kabisa, mpaka akanishika bega. Alidhani nimekasirika.

Sikukasirika. Nilimsikia vizuri kila mara, akisema Mwange, Mwange. Nilidhani anaita shule.