Majibu ya Wanawake Sitini

Liège, 4 Machi 2002

Kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa Mwamvua,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na baba pamoja na mguu wake. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haijanizoea. Redioni wanasema barabara ya Bwegera haipitiki tena kwa ajili ya vita. Niandikie kama mchele mnaupata.

Yaya, nina habari. Profesa wangu amekubali tezi yangu, yaani tasnifu ya udaktari, iwe juu ya mitumba. Unajua mwenyewe: balo, lile furushi la nguo, likifunguliwa kwenye turubai, nguo za kwanza zinauzwa, za pili zinauzwa, halafu yanabaki matambara ambayo hakuna anayeyataka. Yote yanaishia korongoni nyuma ya soko, na mvua ikinyesha yanakwenda ziwani. Wataalamu wa huku wanaandika juu ya maji na samaki. Mimi ni mwanasaikolojia, nataka kuuliza habari za moyo. Mwanamke ametumiwa uchafu wa watu wengine, halafu anaitwa mchafu yeye. Anajisikiaje? Nikiitetea tezi vizuri Desemba, nitapewa nafasi ya kufundisha hapa chuoni, na nafasi iko moja tu.

Nimepata mtu wa kufanya ankete, atakayewauliza wanawake sitini wa soko. Anaitwa Generose, mtoto wa kijiji cha Runingu, amesomea saikolojia Bukavu. Mpokee tafadhali, umwonyeshe soko.

Mdogo wako,
Chadia

*

Uvira, Songo, 2 Aprili 2002

Mudogo wangu Chadia,

Aleikum salaam. Sisi tuko wazima, tunashukuru Mungu. Baba mguu unamuuma akisimama, lakini mdomo wake hauumwi. Mchele wa Bwegera hauji, tunakula mihogo. Barua hii Kasimu wa shangazi anavuka nayo mpaka Bujumbura, ataitia posta kule.

Generose wako alifika. Ni binti mrefu, ana msalaba shingoni na daftari ulilomtumia. Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Minye sikupona.

Niambie weye. Nimefungua mabalo miaka kumi na tatu. Nikinusa tu najua kama mule ndani kuna nguo za wazee au za watoto. Bamama wa soko wakigombana wananiita minye, wakifiwa wananiita minye. Na weye ulipotafuta mtu wa kuwauliza, ukapita mbele ya mlango wangu, ukaenda kumchukua Runingu kwa walima mpunga. Siku ya kwanza alitaka kukata kamba ya balo upande wa chini. Wote walimpigia kelele, maana sisi tunakata juu, chini bahati inamwagika. Hata hilo hakulijua.

Nina wivu, sifichi. Nilimsomea baba barua yako, akacheka. Minye sikucheka.

Yaya yako,
Mwamvua

*

Liège, 20 Mei 2002

Yaya mpendwa,

Asalaam aleikum. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie baba asisimame, akae, aongee akiwa amekaa.

Usikasirike, yaya. Hapa chuoni kuna sheria: ndugu wa mtafiti haruhusiwi kuuliza wala kuulizwa. Wanasema ndugu anaharibu majibu. Si mimi niliyeamua.

Na ukweli ni kwamba yaya Generose anafanya kazi vizuri sana. Ananiandikia kila juma, kurasa nne, tano. Ana mwandiko safi na subira. Profesa ameziona barua zake, amesema mtu kama huyu hapatikani hata hapa. Nikipewa nafasi ningependa aje asome huku.

Mdogo wako,
Chadia

*

Uvira, 28 Juni 2002

Chadia,

Aleikum salaam. Tuko wazima. Baba anakusalimu. Juzi tulisikia risasi upande wa milimani, halafu zikanyamaza, tukaenda sokoni.

Umeandika "yaya Generose". Nimerudia kusoma mara tatu, nikafikiri labda ni macho. Yule ana miaka ishirini na sita, weye una thelathini na mbili. Tangu lini mtoto anakuwa yaya ya mkubwa wake? Na hizo barua za kila juma, minye unaniandikia mara moja kwa miezi miwili, ukurasa mmoja, na nusu yake ni mguu wa baba.

Haya, sheria ni sheria. Sitauliza na sitaulizwa. Lakini ulinituma nimsaidie, na nimesaidia. Kabla hajaanza maswali, nimezunguka kwa bamama wote sitini, mmoja mmoja, nimewatayarisha. Atapata majibu mazuri kuliko yote uliyowahi kusoma.

Mwamvua

*

Liège, 5 Septemba 2002

Yaya yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ya mwisho haikuwa na neno "yaya" pale chini. Nimeliona pengo hilo na limeniuma.

Lakini sikiliza. Majibu yamefika, na chuo kizima kinayazungumza. Wanawake sitini wameulizwa mabaki ya balo wanayatupa wapi, na hakuna hata mmoja anayetupa. Wote wanasema wanayakata vipande na kujaza magodoro ya watoto. Wanasema hawaoni aibu, kwa sababu mikononi mwao hakuna taka. Profesa anasema nimegundua jambo jipya, watu ambao dunia inawamwagia taka nao wanazigeuza kuwa usingizi wa watoto wao. Sura nzima ya tezi inasimama juu ya majibu hayo.

Nilikuwa nimeomba shirika moja lije kuzibua korongo la nyuma ya soko kabla ya mvua. Nimewaandikia kwamba hakuna haja, matambara hayafiki kule tena.

Jina la Generose nitaliweka ukurasa wa kwanza. Nakushukuru na wewe kwa kumpokea.

Mdogo wako,
Chadia

*

Uvira, 1 Oktoba 2002

Mudogo wangu,

Aleikum salaam. Tuko wazima kwa miili.

Nilikaa na barua yako siku sita. Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa. Nitakuambia na sababu yake, ujue yaya yako ni mtu wa namna gani: nimeshindwa kwa sababu unamsifu Generose kwa maneno yangu.

Yale ya magodoro ni yangu. Niliyatunga minye, nikiwa nachambua soksi. Niliwaambia bamama kwamba binti huyu anaandika majina ya wanaotupa korongoni ili wafukuzwe sokoni, basi wote wajibu hivi. Nilitaka arudi kwako na majibu yasiyo na maana, useme hafai, uniite. Nilijua utashtuka, maana watu sitini hawawezi kusema neno moja lile lile. Weye umezaliwa hapa. Magodoro ya watoto sitini yako wapi? Watoto wetu wanalala kwenye mikeka, umesahau?

Kumbe hukushtuka, ulifurahi. Na jina lake ndilo litakuwa ukurasa wa kwanza.

Korongo limejaa mpaka darajani. Minye mwenyewe natupa Jumanne na Ijumaa. Mvua ya kwanza imenyesha jana, na maji yamesimama. Waandikie wale watu waje. Generose hajui lolote. Mwongo ni minye peke yangu, na njia yangu imekuwa fupi.

Yaya yako, kama bado unanitaka,
Mwamvua

*

Liège, 30 Novemba 2002

Yaya,

Hii ni barua ya tatu. Zile mbili za Oktoba sijui kama zilifika. Redio ilisema wapiganaji wa Mai-Mai wameingia Uvira, halafu ikasema wale walioushika mji kwanza wamerudi, halafu haikusema kitu. Nauliza kwanza kabla ya yote: mko hai? Baba yuko hai? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Barua yako ya kuungama nilishaipata. Nilikasirika siku mbili, sikula. Siku ya tatu nilikwenda kwa profesa, nikamwambia majibu yote sitini ni ya uongo, yametungwa na dada yangu. Tezi imeahirishwa miaka miwili. Nafasi ya kufundisha wamempa mwingine. Shirika nimeliandikia tena, wamejibu kwamba na vita hii hawaji.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mtaalamu wa nguo sikukiona. Lakini si wewe ninayekusema. Nimejitazama mwenyewe.

Ile sheria haipo, yaya. Nilikudanganya. Profesa aliniuliza kwa nini simchukui dada yangu anayeuza mitumba, nikamjibu kwamba hujasoma. Niliogopa. Ulikuwa na mama mpaka alipokufa, aliita jina lako, hakuita langu, wewe mwenyewe uliniandikia. Una baba, una nyumba, soko zima ni lako. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wewe hukukishika, nacho ni kazi hii. Nilijua ukiingia wanawake watasema na wewe, mimi nitabaki kuandika tu. Nimekuonea wivu tangu tukiwa watoto, na sikuwahi kulisema kwa sababu msomi anaona aibu kusema hivyo.

Basi kazi ni yako. Natuma maswali tisa mapya. Waulize wewe, na jina litakuwa lako.

Mdogo wako,
Chadia

*

Uvira, Songo, 9 Februari 2003

Mudogo wangu Chadia,

Aleikum salaam. Tuko hai, wote. Barua zako zimefika tatu kwa pamoja, mpaka wa kuvukia Bujumbura ulikuwa umefungwa. Ukuta wa chumba cha mama umeanguka. Si bomu, ni maji ya korongo. Siwezi kumlaumu mtu.

Generose yuko hapa kwangu tangu Oktoba. Siku Mai-Mai walipoingia alikuwa sokoni, njia ya Runingu ikafungwa, ningempeleka wapi? Tulijificha siku nane chumba kimoja, yeye na rozari yake, minye na tasbihi yangu. Nilimwambia yote niliyoyafanya. Kesho yake alinisaidia kutwanga. Sasa baba anamwita "binti yangu". Nimemwambia baba kwamba inatosha.

Tulisoma barua yako pamoja. Pale pa mama nililia. Aliita jina langu kwa sababu nilikuwa karibu, nilikuwa nimeshika maji ya kunywa. Ningelijua kwamba umelibeba hivyo, nisingekuandikia.

Maswali tisa niliyachukua kwa furaha, sikudanganyi. Nilivaa kitenge kipya, nikaenda sokoni na daftari kama mtu wa ofisi. Nilianza na Concilie, ambaye turubai lake liko karibu na langu miaka yote kumi na tatu. Nikamuuliza anatupa wapi. Akanitazama mdomo, akasema, "Safari hii unataka niseme nini, yaya Mwamvua?"

Wa pili vile vile. Mpaka wa tisa, wote wananitazama mdomo. Nimewafundisha kusema uongo mara moja, sasa hawawezi kuniambia kweli. Wakiniona wananitafutia jibu la kunipendeza. Ile sheria uliyoitunga, mudogo wangu, imekuwa ya kweli kabisa.

Nilirudi nyumbani, nikampa Generose daftari kwa mikono yangu miwili. Hakuna kazi iliyonishinda kama hiyo. Yeye aliwauliza wote sitini kwa majuma matatu, na minye nilikaa pembeni nikilinda nguo zao. Concilie nilimsikia analia. Anatupa matambara alfajiri ili asionekane, na watoto wa Songo wanamwita mama takataka. Tumeketi naye miaka kumi na tatu na hakuniambia hata siku moja. Alimwambia mgeni wa Runingu kwa nusu saa. Wivu haujaniacha, uko hapa hapa kifuani.

Walipokwisha wote, Generose akanijia, akasema, "Bado weye." Nikamwambia ndugu haulizwi. Akajibu kwamba sheria hiyo haipo, tumesoma pamoja. Basi nikakaa chini, nikajibu maswali yote tisa, bila kufundishwa na mtu.

Daftari Kasimu anavuka nalo kesho. Namba sitini na moja ni minye. Humo kuna maneno ambayo sijawahi kukuambia, na nimemwambia yeye. Yasome ukiwa peke yako. Ukiona wivu kwamba aliyeambiwa kwanza si weye, basi utajua nilivyokaa mwaka mzima.

Yaya yako,
Mwamvua