Mkasi Uliopita Mzingani

Chumba changu cha nyuma,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, nitoe lililonikaa kooni, maana sijamwambia mtu yeyote: kwa wiki nzima nilikuwa nikimpeleleza Baba. Nilimchungulia akiwa kwenye cherehani, nikakagua mifuko ya koti lake, na siku moja nikaunusa mkasi wake kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Sasa nimesema, naweza kuandika kwa utulivu.

Haya, hujambo huko? Mgongo umepoa, au bado wanakupa zamu za kusimama kutwa? Sisi wazima wa mwili. Mama analalamika kwamba tangu uondoke hana wa kucheka naye jikoni. Mimi nasoma. Mitihani iko karibu, na kama unavyonijua, ndiyo kwanza hamu inanipata ya kusoma yasiyokuwemo kwenye mtihani.

Habari yenyewe ni ya mzinga wa Bibi, ule ulionikabidhi ukisema ndio kitu pekee cha mama yako ambacho bado kina uhai. Shangazi, mzinga ule umekaribia kufa.

Siku moja nilitoka shule nikakuta nyuki wachache tu mlangoni pa mzinga, ilhali asubuhi yake walikuwa wamejaa hadi nje, wananing'inia kama ndevu. Nusu yao walikuwa wamehama na malkia. Hilo halikunitisha. Nilishasoma kwamba malkia mzee huondoka na kundi, na wanaobaki humlea mpya. Nilifunua nikaviona vyumba vya malkia, wanamolelewa hao wapya, kwenye ukingo wa sega, vimening'inia kama karanga zenye maganda, vyote vimezibwa. Nikafunika nikiwa na furaha.

Aliyenitia shaka ni fundi baiskeli, jirani yetu. Jioni ileile alikuwa na nyuki wapya kwenye sanduku alilolipaka nta ya zamani na kulitundika ukutani. Aliniona nikilitazama.

"Miwani, usiniangalie hivyo. Nyuki hawana kitambulisho. Wamekuja wenyewe, nikawaambia karibuni."

Nikageuka nikaingia ndani. Mbele ya watu ulimi hunikauka. Tangu hapo nikawa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisimpite.

Baada ya wiki nilifunua tena, na karanga zote hazikuwepo. Malkia akitoka mwenyewe hukata kifuniko cha duara kwenye ncha ya chumba. Akiuawa na mwenzake, chumba hutobolewa ubavuni. Hivi vilikuwa vimekatwa shinani, mkato umenyooka kabisa. Nyuki hana mkasi. Nikatafuta yai hata moja kwenye masega, sikuliona. Bila mayai hawana wa kumlea awe malkia, na waliobaki watazeeka mmoja mmoja mpaka waishe.

Moyoni nilimhukumu fundi baiskeli, kwamba anataka na waliobaki wahamie kwake. Kisha nikamwona Baba amevimba mkono hadi kifundo. Alisema pasi imemuunguza. Mshonaji wa miaka yote hii, pasi imuunguze mkono mzima isiache hata alama? Kesho yake alimlalamikia mteja kwamba mkasi unanata. Ndipo nikaunusa. Ni nta, Shangazi. Nikakumbuka anavyoupima uwanja wa nyuma kwa utepe wake, akisema pale pangetosha chumba cha mashine mbili. Nikaona yote wazi: anataka nyuki waishe kimyakimya ili asilaumiwe na wewe, dada yake. Nilikaa naye mezani nikimtazama anavyokula, chakula changu kikapoa.

Jumatatu nilimuuliza, macho yangu yakiwa sakafuni. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Nani kakwambia?"

"Mkasi."

"Kumbe mkasi wangu nao umeanza umbea." Lakini hakucheka. "Shangazi yako ndiye aliyeniagiza. Alisema nikiona vitu kama karanga nivikate, la sivyo watahama. Akasema nisikusumbue, una mitihani."

"Alikuagiza lini?"

"Zamani kidogo. Niliogopa, mwanangu. Kila nikifika pale nikisikia ule mvumo, miguu inanirudisha ndani. Nilipopata moyo nikavikata vyote. Sikujua kama wengine walishaondoka. Kwangu mimi nyuki ni nyuki."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo usoni mwake, nisiuone. Kuhusu ule utepe bado simwamini sana. Na wewe, niwie radhi, nimekushuku kidogo: mzinga unanikabidhi mimi, maagizo unampa mwingine. Safari ijayo niambie mimi, hata kama kesho yake nina hesabu.

Nisalimie mumeo, na binamu yangu mdogo mwambie asiwang'ate watu wote kwa kuwa tu ameota meno. Mama na Baba wanakusalimu. Mungu akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nimalizie na nilichofanya. Jumatatu ileile nilikwenda kwa fundi baiskeli, nikamsalimia, nikamwomba kipande cha sega chenye mayai mapya. Aliniuliza kama leo ulimi umerudi kutoka likizo, kisha akafungua sanduku akanikatia. Baba, aliyekuwa amenifuata, alisimama nyuma yangu, amejifunika pazia la dirisha kichwani, ameshika bomba la moshi wa kutulizia nyuki kwa mikono miwili. Nilikizungushia kile kipande kitambaa kibichi, nikakileta nyumbani, nikakifunga katikati ya mzinga, nikafunika.

Leo asubuhi nimefunua. Kwenye kipande kile, chumba kimoja wameanza kukirefusha kuelekea chini, kama karanga. Sikukigusa. Nimerudisha kifuniko taratibu, nikaja kukuandikia.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Miwani