Maua ya Mawe Aliyoyaona Baba

Studio, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mkaza mjomba hajambo? Bado anakuficha sukari? Mwambie niko upande wake.

Sisi huku hatujambo, ukiacha macho ya Baba, na hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Najua umeshangaa Chiriku wako kukaa kimya muda wote huu. Mdomo ninao, ila sikuwa na la maana la kukuambia. Leo ninalo.

Jicho la kulia limeshazima. La kushoto bado linaona, lakini daktari wa macho alituambia tusijidanganye, nalo liko njiani. Kitu kikubwa chenye mwanga anakiona akikisogeza dirishani. Magazeti ameacha, dada yako ndiye anayemsomea, na kwa kuwa anaruka habari asizozipenda, basi kila asubuhi ni ugomvi.

Ile hadithi ya maua ya mawe huwezi kuwa umeisahau, maana na wewe umo. Tangu nipate akili Baba anasimulia kwamba enzi zile mkichonga mawe pamoja, mliingia kwenye tundu nyuma ya machimbo, mkatambaa, mkatokea kwenye chumba ambacho kuta zake zimeota maua meupe ya mawe na nyuzi nyembamba kama mvi. Na kila tulipokuuliza wewe ulisema lilikuwa tundu tu, hamna kitu, shemeji anatia chumvi. Sisi tukaangua kicheko. Majirani nao wakamwita Mzee Maua, na jina likaganda. Baba hakubishana na mtu, alikuwa akiinuka anakwenda kumwagilia bustani yake.

Siku tuliyotoka kwa daktari hakulalamika. Alisema tu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba angependa kuyaona maua yale mara moja kabla taa haijazimika. Mjomba, iliniuma. Mimi kutwa napiga picha maharusi na watu wa pasipoti, na baba yangu hajawahi kuniomba hata moja. Nikaamua kwenda, yawepo yasiwepo.

Aliyenipeleka ni fundi bomba mmoja ambaye siku zake za mapumziko anazimalizia mapangoni, anayapima na kuyachora. Wenzake wanamwita Popo. Ni mtu wa maneno machache na hana utani. Pale njia inapobana nilikwama kiunoni, nikangoja japo anipe pole. Aliniambia nitoe pumzi yote nijivute.

Kwenye mlango wa kile chumba alitandika nailoni, tukavua viatu vya matope tukavaa soksi safi. Nilimwona ananionea. Kisha akawasha tochi.

Yapo, Mjomba. Baba hakutia hata punje moja ya chumvi. Ni madogo, kubwa kuliko yote linatosha kiganjani, na petali zake zimejikunja kama maranda yanayotoka kwenye randa ya seremala. Zile nyuzi ukizikaribia zinatikisika kwa joto la uso wako tu. Nililia pale pale. Popo akaniambia nikalilie kule nyuma, penye nafasi.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Flashi niliyoizoea haikunifaa, kwa sababu ukiyamulika mawe yale kwa mbele yanakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa, na nyuzi zinapotea kabisa. Ikabidi tufiche tochi ndogo ubavuni na nyuma yake, nami nibane pumzi kila ninapobonyeza. Picha za mwanzo zote za kutupa. Nilipoanza kupata zinazoeleweka, nikaona vumbi kwenye lenzi.

Sasa unanijua. Nikiona vumbi kwenye lenzi napuliza kwa mdomo, hata usingizini napuliza, mume wangu ni shahidi. Nikapuliza. Fungu zima la nyuzi lililokuwa karibu na kamera likashuka chini bila hata sauti. Nilitamani mwamba unimeze.

Popo hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasogeza tochi kando kidogo. Kulikuwa na mahali peupe, patupu, upana wa sahani, na chini yake vipande vya maua vilivyokwisha gandamana na sakafu kwa chokaa. “Si wewe wa kwanza,” akasema. “Huyu wa kwanza ni wa zamani.” Nikajifuta uso nikaendelea.

Picha niliyoichagua nimeichapa kubwa, inafunika meza ya chai. Nilimpelekea Baba asubuhi, jua likiwa dirishani. Dada yako alisimama nyuma yetu na kitambaa cha jikoni mkononi, tayari kwa mzaha wake. Baba akaweka pua juu ya karatasi, akawa anatembeza kidole taratibu. Roho yangu ilikuwa juu, nikidhani nimechelewa.

Halafu akaanza. “Haya ndiyo yale mawili yaliyoshikana. Hili limeinamisha kichwa. Huku kushoto lazima pawe na refu lenye mkia.” Na mkia upo, Mjomba. Mama akatoka kwenda kuchemsha chai, akarudi bila chai, akakaa.

Kidole kikafika mahali patupu kikasimama. Mimi nikajua nimekamatwa, nikamwaga yote, kupuliza kwangu na kila kitu. Baba akatikisa kichwa. “La kwako ni dogo. Hili ni la shemeji yangu.” Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Kumbe ulipiga chafya.

Ametueleza yote. Alikuwa ndiyo kwanza anakuonyesha lile kundi zuri kuliko yote, nawe ukapiga chafya, likashuka. Hukusema neno mpaka mnatoka nje, na jioni watu walipouliza ukasema hamna kitu mle. Nikamuuliza mbona hakukutaja miaka yote hii tunamcheka. Akasema ulikuwa kijana, uliona aibu, na yeye hakutaka uonekane mharibifu mbele ya dada yako. Mama alimshika mkono tu, jambo ambalo sijawaona wakilifanya mchana.

Sitakuficha, nilikukasirikia. Kisha nikajiuliza, kama Popo asingekuwepo pale, ningemwambia nani habari ya kupuliza kwangu? Sijui. Kwa hiyo hasira imeisha.

Nimekutilia nakala ndogo humu ndani. Nilitaka kupaondoa pale mahali patupu ili picha ipendeze, Baba akakataa. Alisema paachwe, ili shemeji apaone mahali pake.

Na kupiga simu hakutoshi, Mjomba. Maua ameshayaona. Sasa kila akisikia geti anauliza ni nani, na jicho lile moja bado linafanya kazi, ila sijui mpaka lini. Wewe ndiye unayesubiriwa.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu wote, na yule wa mwisho umwambie picha zake za mahafali ziko tayari. Mume wangu na watoto wanakuamkia. Mama anakusalimu, ingawa ana maneno yake amekuwekea. Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kuja.

Baba naye anakusalimu sana. Anasema uje upesi, na uje na leso.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, chafya na yote,

Chiriku