Barua ya Gesare Bado Iko Kwangu

Mshauri mpendwa,

Nakuomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana mkono umezeeka, na Beverly, binti wa ndugu yangu anayenitunza, ambaye angeniandikia, ndiye mtu wa mwisho ninayetaka asome haya. Nina miaka sabini na tisa, nilifundisha Kiswahili hapa Migori mpaka nikastaafu, sikuolewa, na koo langu lina uvimbe ambao daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba haukatwi tena, sauti imebaki mnong'ono, na mimi najua nilipofika.

Mwezi wa Agosti Beverly alinipeleka Lambwe, kwa mjane aitwaye Filister ambaye shamba lake limepakana na ua wa mbuga ya Ruma, naye kila likizo hukusanya wanawake kumi hivi wa makanisa mbalimbali kwa siku tatu za maombi. Asubuhi baada ya uji kila mmoja hupewa mkeka na kuonyeshwa mahali pake kwenye nyasi, na hakuna kusema mpaka Filister agonge kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya jiko, tena ana sheria yake kwamba jina na kanisa havitajwi mpaka siku ya mwisho, wote ni mama na dada tu, ili mtu asije akaanza kupima sala ya mwenzake. Tulionywa tusivae buluu kwa sababu mbung'o wa bonde lile huipenda, hata mitego yao imeshonwa kwa kitambaa cha buluu, lakini mama mmoja wa Homa Bay alikuja na sare yake ya buluu ya parokia akasema imebarikiwa na padri, na kabla ya adhuhuri alikuwa anajikuna mgongo kwenye nguzo ya jiko, Filister akamwambia mbung'o hawajui ubatizo. Nilicheka mpaka koo likauma.

Siku ya pili nilikaa nikitazama twiga watatu ng'ambo ya ua na upepo ukizilaza nyasi na kuziinua, nikashtuka kuona nimekaa muda wote ule bila kumwomba Mungu kitu chochote. Nilikuwa nimeketi tu, naye yupo. Amani kama ile sijaipata kanisani kwa miaka arobaini, na tangu nirudi naiota, naisikia harufu ya zile nyasi hata hapa kitandani, natamani nirudishwe pale nife nikiwa nimekalia ule mkeka.

Mkeka uliokuwa karibu na wangu ulikuwa wa bibi mmoja ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na ilikuwa kazi yangu kumshika mkono tukienda kunawa mtoni, mimi nisiye na sauti na yeye asiyeona, tukaelewana vizuri sana. Siku ya tatu Filister akatuambia sasa tutaje majina na makanisa yetu. Yule bibi akasema, "Mimi ni Gesare, wa Rangwe. Kanisa sina. Nangoja barua." Wanawake wakacheka, wakadhani ni mzaha, naye akacheka pamoja nao.

Mshauri, barua hiyo iko kwangu.

Sisi Wasabato mshiriki akihama, kanisa la zamani hulisoma jina lake mbele ya watu, hulipigia kura, kisha karani hutuma barua ya uhamisho, na mpaka ifike yeye bado ni wa kule alikotoka. Mwaka wa 1983 karani wa kanisa letu hapa Migori nilikuwa mimi. Gesare alikuwa fundi wa cherehani aliyetoka Kisii, chumba chake na changu viligawanywa na ukuta mmoja, tulikuwa tunaimba sauti ya pili kwenye kwaya, tunakula sahani moja, na sikuwa na dada mwingine duniani. Ndipo akaolewa na Obare, mjane wa Rangwe. Barua yake ilisomwa, ikapigiwa kura, mzee wa kanisa akatia sahihi, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo ili niipeleke posta Jumatatu. Sikuipeleka. Nilijiambia nitaituma wiki ijayo, maana siku itakapoondoka jina lake halitakuwa letu tena, na kila Sabato nilifungua daftari nikaliona pale, nikatulia.

Alikuja mara moja akauliza, "Karani wangu, barua imelala wapi?" Nikamwambia imetumwa, pengine posta wameipoteza. Kisha karani wa Rangwe akaandika kuuliza, nami nikamjibu kwa mstari mmoja, kwamba jambo lake bado liko mbele ya baraza. Nilijua maneno hayo yana maana gani kwa Wasabato. Walimwona kama mtu aliye chini ya karipio, mgeni wa Kisii aliyekimbia na aibu yake, wakamkalisha nyuma, hakupewa kazi wala wimbo, na nilisikia baadaye kwamba aliacha kwenda. Sikurekebisha. Mwaka ulipita, nikaona aibu ya kuchelewa, halafu aibu ikawa kubwa kuliko kosa lenyewe.

Zamu yangu ilipofika pale Lambwe nilionyesha koo kwa kidole nikatikisa kichwa, Filister akanipita kwa huruma kwa kuwa ni mgonjwa. Wakati wa kuagana Gesare alinishika mikono yote miwili, akavipapasa vidole kimoja kimoja, akasema, "Hii ni mikono ya kalamu." Kisha akangoja. Mimi nikavuta mikono yangu, Beverly alikuwa amefika na gari.

Nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi. Sasa niambie, je, niichome barua hii, nimwachie Gesare utulivu wake na mzaha wake, nami nife na amani ya Lambwe? Au nimwambie, nimvunjie mtu wa miaka sabini na ushei kile alichokijenga bila mimi?

Mwalimu wa Zamani, Migori

JIBU

Mama Mwalimu,

Pole kwa koo, na pole kwa kulala na jambo hili peke yako. Una umri wa mama yangu mzazi, na nimetafuta njia ya kukugombeza kwa heshima nikaikosa. Nivumilie.

Usichome kitu. Karatasi hiyo si yako. Kanisa liliipigia kura, mzee akatia sahihi, wewe ulikuwa wa kuifikisha posta tu. Ulimnyang'anya mara ya kwanza ulipoificha. Ukiichoma, utakuwa umemnyang'anya tena, na safari hii huna hata kisingizio cha kumpenda.

Naamini kwamba ulimpenda. Lakini soma tena barua yako. Ukuta mmoja, sahani moja, kwaya, yote umeyaeleza vizuri, mpaka nikakuonea huruma. Yale maneno ya "mbele ya baraza" umeyapitia mbio kama mtu anayevuka barabara. Ukiwa mbele ya Gesare anza na hayo. Mwambie uliandika nini, kwa mkono wako, ukijua yatafanya nini. Habari ya kumkumbuka na kumtamani iache mpaka akuulize, na asipouliza, nenda nayo kaburini.

Unasema unaogopa kumvunjia alichokijenga. Mama, amejenga nini? Mzaha wa kuwachekesha wageni juu ya kitu kilichomtoa kanisani. Unachoogopa kukivunja ni chako.

Amani ya Lambwe siwezi kukwambia haikuwa ya Mungu, nani mimi. Ila ulipewa ukiwa umekaa karibu na mtu yule yule. Ningekuwa wewe ningeichukua kama nguvu ya kufungulia mdomo, si kama godoro la kufia.

Sasa fanya hivi. Mwambie Beverly leo, kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu yeye ndiye atakayekupeleka Rangwe, na mtu hapelekwi kwenye toba na dereva asiyejua anampeleka kufanya nini. Usitume ujumbe wa simu. Gesare haoni, atasomewa na jirani, na majirani wameshasema ya kutosha juu yake. Kabla hujaondoka, andika barua nyingine, fupi, kwa hiyo kalamu yako: kwamba Gesare hakuwahi kuwa chini ya karipio lolote, na kwamba karani alidanganya. Taja jina lako zima. Nakala moja mpe karani wa sasa wa Migori, nyingine mpe mzee wa kanisa la Rangwe, umwombe aisome mbele ya watu, kwa sababu maneno yaliyomchafua yalimwaibisha mbele ya watu. Kama Gesare atataka kurudi kwenye benchi lolote ni shauri lake. Wewe usimwombe hilo. Usimwombe hata msamaha siku hiyo, mgonjwa akiomba hukataliwa kwa shida, na hutaki kumbana mara ya pili. Akikufukuza, ondoka. Utakuwa umefukuzwa kwa haki.

Na jambo la mwisho, umeliandika mwenyewe bila kulisoma. Mwanamke asiyeona alisema mbele yako kwamba anangoja barua. Kisha akakupapasa vidole kimoja kimoja, akasema ni mikono ya kalamu, akangoja. Ulikuwa karani wake, mlikula sahani moja. Sijui alijua nini, sikuwapo. Lakini alikupa nafasi, ukavuta mikono.

Nenda wiki hii, Mama. Kaa karibu na sikio lake ili mnong'ono wako ufike. Sema ulichofanya, weka barua mkononi mwake, kisha unyamaze kama walivyokufundisha Lambwe. Safari hii wewe ndiye utakayengoja.